Antibaiotiki zimekwisha, sasa virusi vya tumbo: probiotiki zinasaidia?

SWALI: Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alipewa amoksilini siku 5 kwa nimonia. Akapona, lakini wiki iliyofuata akaanza kutapika na kuharisha maji. Kituo cha afya wamesema ni virusi, wakampa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki tu. Duka la dawa wanasema antibaiotiki imemaliza kinga ya tumbo, ninunue probiotiki (vijidudu hai vya kusaidia tumbo). Ni kweli?
Mama wa mtoto, Tanga

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Ulichopewa kituoni ndicho hasa kinachotakiwa, usikiache.

Kuhusu kinga, muuzaji amesema nusu ya kweli. Bakteria wema wa utumbo huwabana wavamizi, tena huufundisha utumbo kutoa kingamwili za IgA, zinazonasa virusi kwenye ute kabla havijaingia kwenye seli. Amoksilini hupunguza wabaya na wema pamoja, ila kinga yenyewe haifi. Utafiti wa panya wa mwaka 2019 ulionyesha bakteria fulani wenye umbo la nyuzi wakiwakinga panya na virusi vya rota, vinavyoharisha, kwa kuharakisha kubadilishwa kwa seli za ukuta wa utumbo. Kwa norovirusi ya panya, virusi vingine vya tumbo, ikawa kinyume: antibaiotiki ndizo zilizozuia virusi visikae tumboni. Basi hakuna anayeweza kukuthibitishia kwamba ile dawa ndiyo iliyomwuguza mwanao. Virusi hivi hupita kwenye mikono, maji na vyombo vilivyoguswa na kinyesi.

Kununua probiotiki sasa hatushauri. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa, Marekani na Kanada, yalihusisha watoto zaidi ya 1,800 wenye ugonjwa huu; waliopewa probiotiki hawakupona haraka kuliko waliopewa unga mtupu. Zinakofaa ni kuzuia kuharisha kunakoletwa na antibaiotiki yenyewe, na huanzwa pamoja na dozi ya kwanza, si baada ya wiki. Soma lebo: utafute Lacticaseibacillus rhamnosus GG (zamani Lactobacillus) au Saccharomyces boulardii, angalau viumbe hai bilioni 5 kwa siku. Huyo wa kwanza ni bakteria, mpe saa 2 mbali na antibaiotiki. Wa pili ni hamira, antibaiotiki haimdhuru, lakini flukonazoli, dawa ya fangasi, humwua. Kosa tunaloliona sana ni kumwaga unga wa probiotiki kwenye uji wa moto. Hapo unamlisha mtoto viumbe wafu. Mtoto njiti, mwenye kinga dhaifu sana au aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa asipewe bila daktari.

Nguvu zako ziweke kwenye maji. Pakiti ya ORS ya lita 1 iingie yote kwenye lita 1 kamili ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita. Usigawe unga kwa kukisia: ukizidi, chumvi na sukari huvuta maji kutoka mwilini na kuharisha huongezeka. Soda na juisi hufanya vivyo hivyo. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100, kwa kijiko. Akitapika subiri dakika 10, uendelee polepole zaidi, kijiko kila dakika 2 au 3. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha siku ya tatu. Hapa ndipo wazazi wengi hukatisha. Ziwa na chakula viendelee. Dawa ya kufunga choo usimpe kabisa.

Mrudishe kituoni mara moja akiwa na macho yaliyozama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, analegea, anashindwa kunywa au choo kina damu.

SWALI: Natumia antibaiotiki ya siprofloksasini. Nimeambiwa nimeze na mtindi ili kulinda tumbo. Ni sawa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Kalsiamu ya maziwa hushikamana na dawa hiyo tumboni, na sehemu yake haiingii kwenye damu. Meza kwa maji, saa 2 kabla ya mtindi au saa 6 baada yake. Mtindi wenyewe ni chakula kizuri, ila ukishachemshwa bakteria wake wamekufa.