Chembe za chuma ndani ya udongo

SWALI: Niliuloweka udongo wa montimoriloniti (mfinyanzi wenye matabaka membamba yaliyopangana) katika myeyusho wa kloridi ya chuma, kisha nikaongeza borohaidridi ya sodiamu, kemikali ya kugeuza chuma kilichoyeyuka kuwa metali. Unga ulikuwa mweusi, lakini ulipokaukia mezani uligeuka kahawia. Je, nilipata chembe nano (chembe za chuma ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita), na zimeingia kati ya matabaka?

JIBU: Weusi ule ni dalili njema kwamba ayoni za chuma (atomi zenye chaji zilizokuwa katika myeyusho) ziligeuka metali, ukahawia ni kutu, kwa kuwa chembe ndogo namna hiyo hushambuliwa upesi na oksijeni. Rudia kazi chini ya gesi ya naitrojeni, osha kwa ethanoli, ukaushe katika ombwe (mahali palipoondolewa hewa). Tena, kabla ya kuongeza borohaidridi, osha chumvi iliyobaki nje ya matabaka, hatua ambayo wengi huipuuza.

Katika kipimo cha mtawanyiko wa eksirei zitokazo kwenye shaba, chuma halisi huonyesha kilele kwenye mchoro karibu na pembe ya digrii 44.7, nacho hupanuka kadiri chembe zinavyokuwa ndogo. Kuhusu matabaka, nafasi iliyo kati yake katika udongo mkavu haifiki nanomita 1. Kwa hiyo chembe za nanomita 20 utakazoziona kwa hadubini ya elektroni zimekaa juu ya uso na kingoni, hata kama kilele kinachoonyesha umbali kati ya matabaka kimesogea, maana maji pekee huweza kukisogeza.