Nadharia ya kujali inamhusu vipi muuguzi mfawidhi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya magonjwa ya ndani, na sina muda mrefu tangu nikabidhiwe kazi hii. Katika kozi ya uongozi tumetakiwa kila mmoja aandike mpango wa kuendesha wodi yake kwa kufuata nadharia ya kujali, yaani ile inayosema kiini cha uuguzi ni kumjali mtu. Nimesoma maandishi ya Jean Watson, muuguzi wa Marekani aliyeiandikia nadharia hiyo, na nimeyapenda, ila karibu kila ukurasa unamzungumzia muuguzi na mgonjwa wake. Mimi siku hizi niko zaidi kwenye ratiba, vifaa, ripoti na malalamiko. Nadharia hii inanihusu vipi? Na nikiwajali wauguzi kwa mtindo huo, hawatanipanda kichwani?

Jibu: Marahaba, Sista, na hongera kwa kukabidhiwa wodi.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Inakuhusu sana. Ulipotoka kitandani kwa mgonjwa ukaingia ofisini hukuacha uuguzi. Umeongezewa watu wengine wa kuwajali, nao ni wauguzi wako. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho hakuoni saa nane usiku. Anamwona muuguzi uliyempanga wewe, akiwa na nguvu zilizobaki baada ya zamu ulizompa, akitumia vifaa ulivyohakikisha vipo, na akiwa na ujasiri wa kumpigia daktari simu, ujasiri ambao ama umeujenga ama umeuvunja. Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alilisisitiza jambo hili tangu mwaka 1859: kazi ya msimamizi ni kuhakikisha kwamba yale anayoyafanya akiwepo yanafanyika vilevile asipokuwepo.

Sasa, nadharia ipi? Watson alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1979 akaeleza mambo kumi yanayobeba kujali, yakiwemo kujenga imani na matumaini, uhusiano wa kuaminiana, na kumwachia mtu nafasi ya kusema hisia zake, nzuri na mbaya. Ni msingi mzuri, utaje kwenye utangulizi wako. Lakini kwa mpango wa wodi nauona ni mpana mno. Unaweza kujaza kurasa kwa maneno mazuri na muuguzi wa zamu ya usiku asione tofauti yoyote. Mimi ningeuegemeza mpango kwa Kristen Swanson, muuguzi na mtafiti wa Marekani aliyechapisha nadharia yake ya kujali mwaka 1991 baada ya kuwachunguza wanawake walioharibikiwa mimba, watu waliokuwa wakiwahudumia watoto wachanga mahututi, na akina mama vijana waliokuwa katika mazingira magumu. Anataja mambo matano: kumjua mtu, kuwa naye, kumfanyia, kumwezesha, na kudumisha imani kwamba ataweza. Yote matano ni vitendo. Ukiandika kitendo, mtu anaweza kukuuliza wiki ijayo kama umekitenda.

Tuchukue jambo moja utakalokutana nalo kabla mwezi haujaisha. Muuguzi wako mzuri ameanza kuchelewa. Mara ya kwanza dakika kumi, mara ya pili ishirini, leo nusu saa, na mwenzake wa usiku amesimama mlangoni na mkoba begani, amenuna. Njia mbili zinakujia haraka: kumwandikia barua ya onyo, au kunyamaza kwa kuwa ni mtu mwema. Swanson anakuzuia kwenye zote mbili. Kumjua, kwa maana yake, ni kuacha kudhani. Unamwita pembeni, mlango umefungwa, unasema ulichokiona bila kukipamba: "Wiki hii umefika umechelewa mara tatu, na leo mwenzako amebaki nusu saa ya ziada. Kuna nini?" Kisha unanyamaza. Huo unyamavu ndio kuwa naye, na ni mgumu kuliko unavyoonekana, maana simu italia na mtu atagonga mlango. Usipokee, usifungue.

Tuseme anakueleza kwamba mama yake amepooza upande mmoja, na anayemlinda mchana hafiki mpaka saa moja na nusu. Kumfanyia ni kile ambacho yeye hana mamlaka ya kukifanya na wewe unayo: kumhamishia zamu inayoanza alasiri kwa wiki chache. Kumwezesha ni kumweleza taratibu za likizo ya kuuguza, na kumsaidia kupanga mambo ya nyumbani kabla wiki hizo hazijaisha. Kudumisha imani ni kumwambia wazi kwamba bado unamhesabu kama muuguzi wako wa kutegemewa, na kwa sababu hiyohiyo unatarajia kuanzia tarehe mliyokubaliana atafika kwa wakati. Unaandika makubaliano hayo, anasaini, unasaini. Akirudia baada ya hapo bila sababu, utaratibu wa nidhamu unaendelea, na hakuna atakayeshangaa, hata yeye mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kupandwa kichwani. Anayepandwa kichwani ni msimamizi asiyesema ukweli kwa wakati. Akikaa kimya kwa wiki sita, wale wanaofika mapema wanajifunza kwamba juhudi yao haina thamani, na mzigo wa aliyechelewa wanaubeba wao. Kumwacha muuguzi afanye kazi chini ya kiwango ni kutomjali, na ni kutomjali mgonjwa wake pia. Simone Roach, mtawa na muuguzi wa Kanada aliyeandika sana juu ya kujali, aliuweka umahiri na dhamiri sambamba na huruma. Ukimnukuu Roach kwenye mpango wako, wale wanaodhani nadharia hii ni ulegevu watakosa pa kushikia.

Jambo la pili ambalo ningelipa kurasa nyingi ni makosa ya dawa. Muuguzi amekuja kwako, mikono inatetemeka, chati ya dawa ameishika: amempa mgonjwa wa kitanda cha nne dawa ya kitanda cha tano. Wodi nzima itajifunza kutokana na sentensi yako ya kwanza. Nakushauri iwe, "Mgonjwa yukoje sasa?" Nenda naye kitandani, mpimeni mgonjwa, daktari aitwe, mgonjwa au ndugu zake waelezwe ukweli. Swali lako la pili liwe, "Na wewe ukoje? Unaweza kuendelea na zamu?" La tatu ndipo liwe, "Ilitokeaje?" Uliza ilitokeaje kabla hujafika kwenye nani alifanya. Huenda utakuta majina ya wagonjwa yanafanana, taa ya upande ule imeungua, na alikatizwa na simu akiwa katikati ya kugawa dawa.

Hili lina ushahidi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani, akitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri na viongozi wazuri zingekuwa na makosa machache. Matokeo aliyochapisha mwaka 1996 yalikuwa kinyume: wodi hizo ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba pale watu hawakuogopa kusema, makosa yalijitokeza na kujadiliwa; penye msimamizi wa kutisha, yalifichwa. Kwa hiyo usiandike kwenye mpango wako kwamba lengo la miezi sita ya kwanza ni kupunguza ripoti za makosa. Ripoti zikipanda mwanzoni, huenda ni dalili kwamba watu wameanza kukuamini. Mweleze hivyo mkuu wako mapema, kabla hajaziona namba akashtuka.

Naja kwenye ratiba ya zamu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo andiko muhimu kuliko yote utakayowahi kusaini. Chukua ratiba za miezi mitatu iliyopita, keti nazo na kalamu. Hesabu nani amepewa zamu nyingi za usiku, nani amepata sikukuu, nani ameitwa kuziba pengo siku yake ya mapumziko. Mara nyingi jina moja au mawili yatajirudia, na karibu kila mara ni ya wale wasiojua kukataa. Wema wao umegeuzwa kuwa akiba ya wodi, mpaka siku watakapougua au kuomba uhamisho. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wauguzi waliofanya kazi kwa saa 12 na nusu au zaidi mfululizo walikuwa na uwezekano wa kukosea mara tatu ya ule wa zamu fupi. Basi weka kanuni chache, zibandikwe ukutani: ratiba itoke mapema kiasi cha mtu kupanga maisha yake, mtu akitoka usiku apate mapumziko kamili kabla ya zamu ya mchana, sikukuu zizunguke, na mwenye kubadilishana zamu na mwenzake asihitaji kukubembeleza ilimradi ujuzi wao unalingana. Kanuni hizo zikubane na wewe. Siku utakapompendelea rafiki yako kwenye ratiba, mafunzo yote ya kujali uliyoyatoa yatakuwa kazi bure.

Makabidhiano ya zamu sitayaeleza kwa urefu. Fika wewe mwenyewe mara moja moja alfajiri, sikiliza bila kukosoa mbele ya watu, na waulize wanaotoka ni kipi kilichowalemea usiku ule. Kisha kishughulikie na urudishe jibu. Kuuliza bila kurudisha jibu kunakatisha tamaa kuliko kutouliza kabisa.

Kuna mpaka mmoja lazima uuandike kwa uwazi, nami nauona ukirukwa katika mipango mingi. Nadharia ya kujali haizibi pengo la watumishi. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake, katika utafiti wa hospitali za jimbo la Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2002, walikuta kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwa muuguzi alihusiana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa, na asilimia 23 katika uwezekano wa muuguzi kuchoka kabisa na kazi. Ukimhubiria kujali muuguzi mwenye wagonjwa asiowamudu, unamtwisha hatia juu ya uchovu. Ataanza kuamini kwamba moyo wake ndio mbovu, kumbe hesabu ndiyo mbovu.

Kwa hiyo sehemu ya kujali kwako inafanyika kwenye kikao cha bajeti. Hapo Swanson hatakusaidia sana. Msome Marilyn Ray, muuguzi mwingine aliyeandika juu ya kujali. Nadharia yake, iliyochapishwa mwaka 1989, ilitokana na kuichunguza hospitali kama taasisi, akaona kwamba kujali hakuko nje ya urasimu. Kunapita ndani ya siasa za taasisi, sheria, uchumi na teknolojia, sawa na kunavyopita ndani ya maadili na imani. Kwa lugha ya kazini: ombi la muuguzi wa ziada, likiandikwa vizuri, ni tendo la uuguzi. Usiende kikaoni na kauli kwamba wauguzi wamechoka. Wakubwa wa bajeti wamesikia hayo kabla yako. Nenda na idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi zamu kwa zamu, saa za ziada, siku za ugonjwa, wagonjwa walioanguka, vidonda vya kulalia, na wauguzi walioondoka na muda unaotumika kumfundisha mgeni mpaka asimame peke yake. Weka namba zote hizo kwenye ukurasa mmoja. Ukikataliwa, omba kukataliwa kwa maandishi, kisha warudie wauguzi wako uwaambie ulichoomba na ulichojibiwa. Wanastahili kujua kwamba kuna mtu aliwasemea.

Kuhusu kupima kama kujali huko kunaonekana, mtafiti wa uuguzi Joanne Duffy ametengeneza vipimo vya kujali, kikiwemo kinachowapa wauguzi nafasi ya kumtathmini msimamizi wao, na kozi yenu huenda itafurahi ukivitaja. Kwa kuanzia yanatosha maswali matatu yasiyo na jina la anayejibu, kila baada ya miezi mitatu: je, msimamizi anajua kazi yako ilivyo kweli? Unaweza kumwambia habari mbaya? Ratiba ni ya haki? Soma majibu ukiwa umetulia, na uyatangaze yote, hata yanayokuuma.

Neno juu yako mwenyewe. Msimamizi husikiliza huzuni za watu wote na hana wa kumsikiliza. Tafuta mfawidhi mwenzako wa wodi nyingine mkutane kwa siku maalumu, mjadili kesi bila kutaja majina. Liweke hilo kwenye mpango kama sehemu ya kazi, lipewe saa yake, maana likiachwa kuwa hisani halitafanyika.

Kwa ukurasa wa kwanza wa mpango wako, chora jedwali lenye safu tatu: jambo kati ya yale matano ya Swanson, uamuzi wa kiutawala utakaolibeba, na tarehe utakayoanza. Kwa mfano, kwenye "kumjua" andika mazungumzo ya dakika 20 na kila muuguzi, mmoja mmoja, na uandike tarehe ya mazungumzo ya kwanza. Anza na yule aliyeziba mapengo mengi zaidi kwenye zile ratiba tatu.