Kwa nini fosforasi ya tope haipandi juu: jibu kwa aliyeuliza kuhusu maziwa ya Aktiki

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, iweje tope la maziwa ya Aktiki liwe na fosforasi ya kutosha ilhali maji yaliyo juu yake ni masikini wa virutubisho na maangavu? La pili, joto likizidi maziwa hayo yatageuka kijani kwa mwani? Mdau mmoja amekwishakujibu kwamba "baridi inasimamisha kila kitu". Sikubaliani naye. Nimewahi kufanya kazi ya kuchota maji na tope kama msaidizi wa watafiti katika ziwa Toolik na vijiziwa vya jirani, kaskazini mwa Alaska, na niliyoyaona kule hayafanani na kitu kilichosimama. Jibu ni refu, vumilia.

Kwa asiyelijua, Toolik liko nyuzi 68 na ushei kaskazini, upande wa pili wa milima ya Brooks, takribani mita 720 juu ya usawa wa bahari. Penye kina kirefu kabisa ni kama mita 25. Utafiti ulianza pale mwaka 1975, baada ya barabara ya kuhudumia bomba la mafuta kufunguka. Barafu hulifunika kwa miezi 9 hivi na kuondoka katikati au mwishoni mwa Juni.

Tuanze na hiyo baridi. Maji ya chini kabisa hayagandi. Hukaa nyuzi chache juu ya sifuri majira yote ya baridi. Mwezi Mei, kabla theluji haijaanza kuyeyuka, toboa barafu kwa keekee ushushe kipima oksijeni. Juu utakuta oksijeni tele. Ukilikaribia tope namba zinaporomoka. Sasa kama kila kitu kimesimama, nani ameila hiyo oksijeni? Ni bakteria wa kwenye tope, ambao wamekuwa wakiozesha mabaki ya mwani na mimea muda wote huo gizani. Wanaenda polepole, kweli, lakini wana miezi 9. Na wanapoozesha, fosfati (fosforasi iliyoyeyuka majini) na amonia (yenye naitrojeni) hutoka. Kwa hiyo virutubisho vinazalishwa chini. Swali ni kwa nini havifiki juu.

Jibu la fosforasi unaliona kwa macho ukichomeka bomba kwenye tope na kulitoa likiwa na tope zima zima ndani yake. Sehemu ya juu kabisa ina rangi ya kutu, kahawia inayoelekea chungwa. Chini yake rangi hubadilika ghafla kuwa kijivu cha kijani au nyeusi. Ule utando wa juu ni kutu kweli: chuma kilichokutana na oksijeni. Tope la Toolik lina chuma na manganizi (metali nyingine) nyingi karibu na uso wake. Chuma hicho hutoka kwenye udongo wa tundra, nyanda za baridi zisizo na miti, ambao kiangazi hulowa maji hadi kukosa hewa. Humo chuma huyeyuka na kusafiri na maji ya chini ya ardhi hadi ziwani. Ukitembea pembeni mwa vijito vya kule utaona michirizi ya rangi ya chungwa, na wageni wengi hudhani ni uchafuzi.

Kutu ina tabia moja muhimu kuliko zote hapa: hunasa fosfati. Fosfati ikipanda kutoka kwenye tope lisilo na hewa, inakuta utando huo na kugandamana nao. Utando wenyewe hujitengeneza upya. Chini, pasipo oksijeni, bakteria hutumia badala yake nitrati (aina ya naitrojeni) kwanza, kisha manganizi, kisha chuma, na chuma kikitumika huyeyuka. Kikishayeyuka hupanda, kikikutana na oksijeni hugeuka kutu tena, na kunasa fosfati tena. Mtafiti wa maziwa Clifford Mortimer alilieleza jambo hili mwaka 1941 na 1942 kwa maziwa ya Uingereza, akaonyesha kwamba oksijeni ikiisha juu ya tope utando unayeyuka, na fosfati inaachiliwa pamoja na chuma. Tofauti ya Toolik na maziwa mengi ya kusini ni kwamba kule utando hukaa karibu mwaka mzima, maana chakula kinachoshuka chini ni kidogo na oksijeni haiishi kirahisi.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, kwa wanaotaka kupima wenyewe. Maji yaliyomo ndani ya tope ni maji ya ajabu kuyashika. Ukiyakamua mahali penye hewa, chuma kilichoyeyuka kinageuka kutu ndani ya chupa yako na kuzama na fosfati yote. Unapima, unapata karibu sifuri, unaandika kwamba tope halina kitu. Ndiyo maana kazi hiyo hufanywa ndani ya sanduku au mfuko uliojazwa gesi ya naitrojeni, maji yanachujwa papo hapo, na tindikali inatiwa kabla hewa haijaingia. Chupa zenyewe huoshwa kwa tindikali, kamwe si kwa sabuni, kwa sababu sabuni nyingine zina fosfati kuliko ziwa lenyewe. Ukisoma takwimu za zamani za maji ya tope, angalia kwanza sampuli zilikamuliwa vipi, halafu ndiyo uziamini.

Kutu si kizuizi pekee. Kiangazi jua halizami, na maji yakiwa maangavu kiasi kile mwanga unafika kwenye tope la pembeni na hata mbali zaidi. Juu ya tope huota utando wa mwani, na sehemu nyingine mimea ya chini ya maji inakuwa mingi pia. Mwani huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: unakula virutubisho vinavyopanda kabla havijayafikia maji, na unatoa oksijeni inayoiweka kutu hai. Katika ziwa Char, karibu na Resolute kwenye kisiwa cha Cornwallis, Kanada, utafiti mkubwa uliofanywa kati ya 1968 na 1972 chini ya Frank Rigler ulikuta kwamba takribani asilimia 80 ya uzalishaji wote wa mimea ziwani ulikuwa wa mwani na mimea ya chini, siyo mwani unaoelea. Anayechota maji tu na kusema ziwa halina uhai amepima sehemu ndogo ya ziwa.

Mwani unaoelea nao unaishi kwa nini? Kwa kurudia kilekile. Fosfati huru ndani ya maji ni kidogo mno, ila inazunguka kwa kasi: inachukuliwa na bakteria au mwani, mwani unaliwa na vijidudu vinavyoelea, vijidudu vinaitoa kwenye kinyesi na mkojo, na mwani unaidaka tena. Mtu akikuambia "fosfati ni karibu sifuri, basi hakuna kinachoendelea", mwambie sifuri hiyo ni ya kikombe kinachojazwa na kunywewa kwa wakati mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui, nami lilinishangaza nilipolielewa. Virutubisho vingi vinavyotoka nchi kavu huja kwa mkupuo mmoja, theluji inapoyeyuka mwishoni mwa Mei na Juni. Unategemea ziwa lishibe siku hizo. Lakini barafu bado iko juu ya ziwa. Maji ya theluji yana nyuzi karibu na sifuri, na maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Kwa hiyo maji mapya ni mepesi kuliko ya ziwa. Yanatandaza tabaka jembamba chini ya barafu na sehemu kubwa hupita hadi kwenye mto unaotoka ziwani bila kuchanganyika na yaliyo chini. Mzigo mkubwa wa mwaka unavuka ziwa juu kwa juu na kwenda zake. Barafu inapoondoka na upepo kuyachanganya maji, karamu imekwishapita.

Naitrojeni ina mwenendo wake. Kutu haiikamati. Amonia ikipanda na kukuta oksijeni, bakteria huigeuza nitrati. Nitrati ikirudi ndani ya tope lisilo na hewa, bakteria wengine huigeuza gesi ya naitrojeni, nayo inapotelea hewani. Ndiyo sababu usishangae kusikia kwamba maziwa mengi ya tundra yana upungufu wa vyote viwili, naitrojeni na fosforasi. Ukitia fosforasi peke yake kwenye chupa za majaribio, mara nyingi mwani huitikia kidogo. Ukitia zote mbili, unaitikia kwa nguvu. Mimi simwamini mtu anayesema kwa uhakika "ziwa hili lina upungufu wa fosforasi" kabla hajajaribu zote mbili pamoja.

Sasa swali la pili. Majaribio yapo. Ziwa dogo linaloitwa N2, jirani na Toolik, liligawanywa kwa pazia la plastiki mwaka 1985, na upande mmoja ukatiwa naitrojeni na fosforasi hadi 1990, kwa kiwango cha takribani mara 5 ya kile ambacho Toolik hupokea kwa mwaka. Mwani unaoelea uliitikia mapema. Tope lenye chuma likawa linameza fosforasi, huku oksijeni ya chini ikizidi kupungua kadiri mabaki yalivyoongezeka. Mbali zaidi kaskazini, ziwa Meretta, jirani wa Char, lilipokea majitaka ya kambi ya Resolute kwa miongo kadhaa. Mtafiti wa maziwa David Schindler na wenzake waliandika mwaka 1974 kwamba lilikuwa limerutubika kupita kiasi, katika nyuzi zaidi ya 74 kaskazini. Baridi haikulikinga. Majitaka yalipokoma, likaanza kurudi katika hali yake.

Kwa hiyo joto lenyewe silioni kuwa ndilo litakalogeuza maji kijani. Naangalia oksijeni. Kiangazi kirefu kinamaanisha tabaka la juu lenye joto linakaa muda mrefu zaidi bila kuchanganyika na la chini, na chakula zaidi kinashuka kwenye tope. Ikifika siku oksijeni ya chini inaisha kila mwaka, kutu itayeyuka na fosforasi iliyowekwa akiba miaka mingi itaachiliwa kwa pamoja. Penye salfeti nyingi (chumvi yenye salfa) mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi, kwa sababu pasipo oksijeni bakteria huigeuza salfaidi, nayo hukikamata chuma na kukizuia kurudi kuwa kutu.

Lakini usidhani ni njia iliyonyooka. Ardhi iliyoganda ikiyeyuka na ukingo kuporomoka, kinachoingia ziwani kwanza ni udongo wa mfinyanzi. Fosforasi inakuja nayo, ila imeshikamana na chembe za udongo, na maji yanakuwa machafu kiasi kwamba mwanga haufiki chini. Mwani wa chini unakosa jua, oksijeni yake inakosekana, na ziwa linaweza kuwa kahawia badala ya kijani.

Kama una kifaa kimoja tu na bajeti ya safari moja kwa mwaka, usiende Julai kama wanavyofanya wengi. Nenda mwanzoni mwa Mei, barafu ikiwa bado nene, upime oksijeni kila nusu mita katika mita 5 za mwisho juu ya tope, na utoe bomba moja la tope uone utando wa kutu una unene gani. Rudia palepale kila mwaka. Ukitaka utaratibu wa kukamua maji ya tope bila kuingiza hewa, uliza hapa chini nitauandika.