Laiti Ningalijua: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kujiandaa kwa Chuo

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: ni nini kinachopaswa kufanywa mapema ili kijana asikwame mlangoni mwa chuo? Tumewapa washauri wetu wa elimu nafasi ya kujibu kwa kirefu.

Assalaam alaykum. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na mengi nimeyajua yakiwa yameshanipita. Nyumbani Langoni nina wadogo wawili: wa kiume yuko kidato cha tatu, wa kike yuko gredi ya tisa. Lau ningeweza kurudi nyuma nikajinong'oneza sikioni, ningejiambia nini? Nataka niwaambie wao.
*Dada mkubwa, Lamu*

Waalaykum salaam, dada. Tuanze na huyo wa kidato cha tatu, kwa kuwa muda wake ni mfupi. Yeye ni katika kundi la mwisho la KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari utakaofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027.

Mwambie kwamba gredi ya jumla hufungua lango tu, na kozi huamuliwa na masomo. Kwa shahada lango ni C+, kwa diploma ni C-, kwa cheti cha ufundi ni D. Ukishaingia langoni, kila kozi ina masomo yake manne, ambayo KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, huyaita klasta. Alama za juu kabisa za klasta ni 48, yaani masomo manne yenye A ya pointi 12 kila moja. Gredi ya jumla nayo hutokana na masomo saba, ambayo pointi zake za juu ni 84. Tangu KCSE ya 2023 masomo hayo saba ni Hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na mengine matano bora.

Sasa tazama hesabu hii. Chukua pointi za masomo manne ugawe kwa 48, chukua jumla ya masomo saba ugawe kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. Wanafunzi wawili wana pointi 56 kila mmoja, yaani B- wote wawili. Wa kwanza ana pointi 38 katika masomo manne ya kozi anayoitaka, na hesabu inampa takriban 34.9. Wa pili nguvu zake ziko katika masomo mengine. Katika yale manne ana 28, naye anapata takriban 29.9. Gredi ni moja, na bado wamepishana kwa karibu pointi tano. Katika kozi zinazogombaniwa watu hukosa nafasi kwa sehemu ndogo ya pointi moja. Hayo ni makadirio ya kukuongoza nyumbani; tarakimu ya kutegemea ni ile utakayoiona kwenye tovuti ya KUCCPS ukishaingia kwa namba yako.

Kwa hiyo ndugu yako aandike leo kozi tatu anazozitamani, na mbele ya kila moja aweke masomo yake manne pamoja na gredi ya chini inayotakiwa katika kila somo. Hapa ndipo wengi huumia. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari anahitaji C+ ya jumla na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Akipata B ya jumla huku Jiografia ikiwa C, basi Jiografia hataifundisha. Uhandisi hauna njia ya kupita bila Fizikia, na Fizikia ndiyo vijana wengi huiacha mapema kwa kuambiwa ni ngumu. Kama ameshaiacha, asipoteze miezi akiota uhandisi. Atafute kozi ambazo klasta yake inazikubali, kisha aelekeze jioni zake kwenye yale masomo manne. Kupandisha Biolojia kutoka C hadi B- kunaweza kumfaa kuliko kupandisha somo lisilo kwenye klasta kutoka B hadi A.

Na zile tarakimu za kozi za mwaka uliopita, ambazo watu huzitazama kama sheria, si kizingiti kilichowekwa na chuo. Ni alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule. Wakiomba wengi zaidi, zinapanda. Basi asijaze nafasi zote kwa kozi zilizo juu ya alama zake, na asiache nafasi hata moja wazi. Achanganye: moja ya kujaribu, kadhaa zinazolingana naye, na moja iliyo chini yake kwa umbali wa kutosha ambayo kweli yuko radhi kuisoma. Hilo la mwisho tunalisisitiza, kwa sababu kozi iliyojazwa ili kuziba pengo mara nyingi ndiyo anayopewa mtu.

Huyo binti wa gredi ya tisa yuko kwenye mfumo mpya wa elimu, na kwake uamuzi umekaribia zaidi ya unavyodhani. Atachagua njia moja kati ya tatu za sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo, na ndani yake masomo matatu ya hiari. Kabla hajachagua, mwulizeni maswali yale yale: unataka kufanya kazi gani, na kazi hiyo inadai masomo gani? Mkague pia shule mnazozitaka kama zina walimu na maabara ya masomo hayo.

Binti yangu alizaliwa nyumbani, Faza, na hana cheti cha kuzaliwa. Shuleni jina la babake limeandikwa Muhammad, kwenye kitambulisho cha babake ni Mohamed. Yuko kidato cha tatu. Je, kuna haja ya kuhangaika sasa?
*Mama wa watoto wanne, Lamu Mashariki*

Ipo, mama, na wiki hii ni bora kuliko wiki ijayo. Kwa macho ya jirani Muhammad na Mohamed ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu wawili.

Anza kwa naibu wa chifu wa mtaa wenu, kwa sababu yeye ndiye huandikisha uzazi wa nyumbani. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi sita. Baada ya hapo huwa ni usajili uliochelewa, nao hudai ushahidi zaidi. Nenda na vitambulisho vya wazazi wote wawili pamoja na nakala zake, kadi ya kliniki kama ipo, na barua ya shule inayoonyesha jina na tarehe ya kuzaliwa. Maombi huendelea hadi ofisi ya usajili wa raia. Kwa mtu wa visiwani hiyo ni safari ya boti na nauli, kwa hiyo piga nakala mbili mbili za kila karatasi kabla hujapanda. Karatasi moja iliyosahaulika ni siku nzima iliyopotea.

Jina amueni kabla ya kujaza fomu. Ushauri wetu ni kufuata herufi za kitambulisho cha baba, kisha kuiomba shule irekebishe kumbukumbu zake kabla binti hajaandikishwa kwa KCSE. Katika uandikishaji huo shule huchapisha orodha ya watahiniwa ili kila mmoja akague jina lake na kutia sahihi. Mwambie binti asitie sahihi kwa haraka. Asome herufi moja moja, aangalie jinsia, mpangilio wa majina, na namba ya cheti cha kuzaliwa. Namba hiyo ina kazi nyingine baadaye: mwombaji huingia kwenye tovuti ya KUCCPS kwa namba yake ya mtihani, mwaka wa mtihani, na namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, iliyotumiwa wakati wa kuandikishwa. Iliyoandikwa vibaya shuleni humfungia mtoto nje ya tovuti siku ambayo wenzake wanachagua kozi. Kosa likishachapwa kwenye cheti cha KCSE, marekebisho yanafanywa na KNEC, baraza la mitihani la taifa, kwa ada, na huchukua muda ambao chuo hakitausubiri.

Akitimiza miaka 18 aende akachukuliwe alama za vidole za kitambulisho, hata kama bado yuko shule. Ile karatasi ya kusubiria aitunze, aipige picha. Kitambulisho kikitoka, asajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe. Laini ya mjomba haitamfaa katika maombi ya mkopo.

Nimeitwa chuo Eldoret. Mzee wangu ni mvuvi, na karo iliyoandikwa kwenye barua imetutisha. Nafanyaje? Na nibebe nini?
*Kijana wa Malindi*

Kijana wetu, hongera. Tarakimu iliyo kwenye barua huenda si yote itakayotoka mfukoni mwa baba, ila hakuna kinachokuja bila kuomba. Kupangiwa chuo na KUCCPS ni jambo moja, kuomba fedha ni jambo lingine, na kila mwaka wapo wanaokaa wakisubiri wakidhani majina yao yamepelekwa huko yenyewe.

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya HEF, ya fedha za elimu ya juu, katika mfumo ulioanza 2023. Utaulizwa kuhusu kipato cha nyumbani, wazazi, ndugu walio shuleni na karo zao, na shule ulizosoma. Kutokana na majibu utawekwa katika moja ya makundi matano, na kundi ndilo huamua ufadhili na mkopo utakaopata. Ufadhili haulipwi, mkopo unalipwa, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na kiasi fulani hubaki kwa familia. Jibu kwa ukweli na kwa ukamilifu. Wengi huandika kwa kuona haya kwamba baba ana biashara, wakati ana mtumbwi na nyavu na kipato kinachokatika bahari ikichafuka. Andika mvuvi. Weka ushahidi wa karo za ndugu zako, kwa maana usipozitaja hazihesabiwi. Ukiona umewekwa kundi lisilolingana na hali yenu, kata rufaa kwenye tovuti hiyo hiyo muda wake unapotangazwa. Ukijaziwa saiba, yaani kwenye duka la intaneti, kaa kando ya anayekujazia, usome kabla hajabonyeza, na neno la siri ulichague wewe.

Sambamba na hayo chukua fomu za basari, yaani msaada wa karo, za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) na za kaunti. Huambatishwa barua ya kuitwa, muundo wa karo, na muhuri wa chifu. Pesa hizo hupelekwa moja kwa moja chuoni, kwa hiyo namba yako ya usajili na akaunti ya chuo ziandikwe bila kosa.

Jambo ambalo hakuna barua ya chuo inayolisema: pesa za matumizi hazifiki siku ya kuripoti. Jipange kukaa wiki sita bila hata shilingi ya mkopo. Ukikadiria shilingi 250 za chakula kwa siku, wiki sita ni 10,500, kabla ya chumba, nakala na nauli. Kama familia inaweza kuchanga kiasi kimoja tu, kichangwe kwa ajili ya wiki hizo. Sherehe ya kuaga iwe dua na sahani ya pilau, na bahasha zitunzwe.

Kuhusu mzigo: Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mtoto wa Malindi hajui usiku wake ulivyo. Blanketi zito, sweta mbili, soksi, viatu vya kufunika, koti la mvua. Godoro, ndoo na beseni nunua huko huko baada ya kuona chumba. Begi dogo lisitoke mkononi: hati asili za matokeo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, barua ya kuitwa, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, picha ndogo angalau nane, na nakala tano za kila hati. Fika siku moja kabla ya kuripoti, mchana. Wenzako wa Lamu, wanaoanza kwa boti hadi Mokowe ndipo wapande basi, watoke siku mbili kabla.

Laptopu ni lazima siku ya kwanza?
*Msomaji, Shela*

Hapana, isipokuwa kwa kozi za kompyuta. Subiri mwezi mmoja uone wenzako wanatumia nini. Ukinunua iliyotumika, tafuta yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, uiwashe bila chaja kwa nusu saa dukani, ujaribu kila kitufe na intaneti. Inayozima ndani ya dakika kumi ina betri iliyokufa, na bei ishuke kulingana na hilo.

Muhula wa kwanza huwa unawaangusha wengi kwa nini? Nilikuwa na A- shuleni na bado nina mtihani wa kurudia.
*Mwanafunzi, Malindi*

Mara nyingi akili haina kosa. Shuleni kuna kengele na mwalimu wa zamu. Chuoni hakuna anayekutafuta. Katika vyuo vingi mitihani midogo na kazi za darasani hubeba alama 30, mtihani wa mwisho 70, na kufaulu ni 40. Anayepuuza zile 30 kwa kuwa ni ndogo huingia mtihani akihitaji 40 kati ya 70, na hapo ndipo wengi huanguka.

Sababu ya pili haihusu masomo kabisa. Kila muhula sharti usajili masomo yako kwenye tovuti ya chuo kabla ya tarehe ya mwisho. Usiposajili, jina lako halimo kwenye orodha ya mtihani hata kama ulihudhuria kila siku. Wengine hungoja wamalize karo kwanza, tarehe ikapita. Nenda ofisi ya fedha mapema, uombe kulipa kwa awamu, na makubaliano hayo uyapate kwa maandishi.

Ya tatu ni alama zinazopotea. Hili hutokea, na hugunduliwa mwaka wa nne mtu akijiandaa kuhitimu. Tia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio kila mara, na ile ya siku ya mtihani usitoke chumbani bila kuitia. Karatasi za mitihani midogo zikirudishwa, zipige picha na kuzihifadhi kwa jina la somo na muhula. Matokeo yakitoka, kagua kila somo wiki hiyo hiyo. Ukiona pengo, mwone mhadhiri kwanza, kisha mkuu wa idara, ukiwa na picha zako mkononi, kabla muhula mpya haujashika kasi.