Naosha IST yangu na maji ya kisima, mbona inapauka?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST ya 2004 niliagiza Japani, naishi Kigamboni sio mbali na bahari. Kila Jumamosi naiosha mwenyewe nyumbani na maji ya kisima chetu na sabuni ya unga ya kufulia. Sasa bodi imejaa vidoa vyeupe havitoki hata nikisugua, boneti imeanza kupauka, na juzi nimefungua rejeta nikakuta maji yana rangi ya kutu, na huwa naongezea hayo hayo ya kisima. Jirani anasema ni uzee wa gari, mume wangu anasema ni sabuni. Halafu injini naweza kuiosha kwa presha kama vijana wa kawoshi? Naomba unielekeze na vitu vingine ninavyoweza kufanya mwenyewe bila kwenda gereji.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Gari haijazeeka kiasi hicho, IST ya 2004 ikitunzwa bado ina safari ndefu, injini zake ni ngumu na zinatumia cheni sio mkanda wa taimingi. Mume wako kwenye sabuni yuko sahihi kidogo, ntafika huko, ila mkosaji mkubwa hapo ni maji. Vidoa vya bodi na ile kutu ya kwenye rejeta vyote vimetoka kwenye kisima kimoja.

Fanya hivi uone mwenyewe. Chota maji ya kisima chako kwenye kikombe, dondoshea matone mawili matatu kwenye kioo cha gari, yaache yakauke juani. Yakikauka utaona kiduara cheupe, ukingoni kimekolea kuliko katikati, na ukipitisha kucha unasikia kinakwaruza. Kando yake dondoshea maji ya mvua, hapo utatafuta doa hulioni au utaliona kwa mbali sana. Visima vingi huku kwetu pwani maji yake yana chumvi na chokaa, na maji yakipigwa na jua yanaondoka peke yake, chumvi na chokaa vinabaki juu ya rangi. Jumamosi inayofuata unaongeza tabaka jingine juu ya lile la kwanza. Ukijumlisha upepo wa bahari, na kama unavuka na kivuko zile rasharasha za maji ya bahari, basi gari yako inakula chumvi juu na chini.

Sikwambii uache kisima, najua maji ya bomba kwa wengine ni ya kusubiri na boza ni hela. Tumia kisima kwa kazi ya mwanzo, kumwagia vumbi na kuoshea, ila maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua. Ndoo moja ya lita 20 na kopo inatosha kabisa kwa IST, ukianza juu ya paa unashuka taratibu. Msimu wa masika na vuli kinga maji kwenye bati uyatenge kwa kazi hiyo, mvua ya mwanzo iache ioshe bati kwanza. Halafu hapo hapo kausha na taulo la maikrofaiba, usiache gari ikajikausha yenyewe. Na osha asubuhi mapema au jioni kivulini, ukiosha saa saba mchana boneti ina moto, sabuni inakaukia kabla hujafika upande wa pili.

Vidoa vilivyopo jaribu siki nyeupe, changanya na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja hivi, futa, suuza vizuri. Chokaa inalainika kwa siki. Kama baada ya hapo bado unaona alama ujue imeshakula ndani ya rangi, hiyo inataka fundi rangi apige kampaundi, ile dawa ya kusugulia na kung'arishia rangi, usianze kusugua na steel wire wala dawa ya meno, utaongeza michubuko. Boneti nayo angalia kwa karibu, kama imefifia tu bila kubanduka kampaundi na waksi vitairudisha kiasi, ila ukiona ile klia, tabaka angavu la juu ya rangi, inabanduka vipande vipande hakuna polishi itakayosaidia, hapo ni kupiga rangi upya.

Sasa sabuni. Sabuni ya unga imetengenezwa ing'oe mafuta kwenye nguo, kwa hiyo kwenye gari inang'oa waksi ambayo ndo kinga ya rangi dhidi ya jua na hiyo chumvi, na mipira ya vioo na milango inakauka mapema. Nunua shampuu ya gari, chupa moja inakaa muda mrefu maana unatumia kidogo sana. Ukikwama tumia sabuni ya maji ya vyombo kidogo kwenye ndoo nzima, lakini isiwe mazoea kwa sababu nayo inaondoa waksi. Waksi yenyewe paka kila baada ya miezi miwili mitatu, kwa mtu anayekaa karibu na bahari hii sio urembo.

Kitu kingine kinachoua rangi ni kufuta vumbi kavu na kitambaa asubuhi kabla ya kutoka. Naona watu wengi wanafanya. Lile vumbi ni mchanga, unausugua kwenye rangi kila siku halafu baadae unashangaa kwenye jua gari ina vimistari vya duara duara. Mwagia maji kwanza vumbi liondoke ndo uguse na spanji. Kuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia spanji kabla haijarudi kwenye sabuni. Rimu na matairi fanya mwisho na kitambaa chake, zile unga nyeusi za breki hazitakiwi kukaribia bodi.

Ukimaliza juu usisahau chini. Mwagia maji matao ya magurudumu na chini ya milango, na hapa tena maji yasiyo na chumvi. Magari yaliyotumika mikoa ya kaskazini ya Japani huwa yanakuja na kutu chini kwa sababu kule wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani, kwa hiyo inama na tochi uangalie yako ilivyo. Kila mlango kwa chini una vitundu vya kutolea maji, vikiziba matope maji yanakaa ndani na mlango unaoza ukiwa hujui, vizibue taratibu na njiti ya ufagio. Na kama unapaki chini ya mwarobaini, fungua boneti uangalie pale chini ya waipa, majani yake madogo yanajazana kwenye njia ya maji, mvua ikija maji yanaingia miguuni kwa abiria na watu wanaanza kutafuta tatizo kwenye AC.

Rejeta ndo sehemu iliyonitia wasiwasi zaidi kwenye swali lako. Ndani ya ile injini kuna aluminiamu nyingi, silinda hedi, blok, na rejeta yenyewe. Chumvi inatoboa aluminiamu na chokaa inajenga ukoko kwenye zile njia nyembamba za rejeta, joto linashindwa kutoka, siku ukikwama kwenye foleni ya barabara ya Mandela jua kali gari inachemsha. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta yanayouzwa dukani, kazi yake sio kupooza tu, ina dawa ya kuzuia kutu na kulainisha wota pampu, ndo maana maji matupu hata yakiwa masafi hayatoshi.

Kwa hiyo imwage yote. Injini iwe imepoa kabisa, nasema kabisa, usifungue mfuniko wa rejeta ya moto hata kwa kitambaa, ndani kuna presha inayofanya maji yavumilie mpaka kama nyuzi 120 bila kuchemka, ukifungua yanalipuka usoni. Mwaga, jaza maji yasiyo na chumvi, washa hita kwenye joto la mwisho, acha injini iungurume mpaka ipate moto, zima, subiri ipoe, mwaga tena, rudia mpaka yatoke meupe. Kisha weka kulanti iliyokwisha kuchanganywa, mfumo mzima unachukua kama lita 5, jaza taratibu na hita ikiwa wazi mpaka vibubujiko viishe. Rangi isikuchanganye, soma kwenye kopo kwamba inafaa injini za aluminiamu na usichanganye aina mbili. Mfuniko nao ukague, mpira wake ukiwa umepasuka haushiki presha, badilisha. Uliyomwaga yakinge kwenye beseni, usiyaache chini, kulanti ni sumu na ina utamu, mbwa na kuku wataonja, na watoto pia. Na fundi akikwambia atoe thamostati, ile valvu ya kwenye njia ya maji ya injini, eti huku kwetu joto hakuna haja, kataa. Thamostati inafunguka kuanzia nyuzi 80 hivi ili injini ifanye kazi kwenye joto lake, ukiitoa unakula mafuta na injini inachakaa.

Kuosha injini kwa presha hapana. Maji ya presha yanaingia kwenye koili na mashimo ya plagi, unawasha gari inatetemeka na taa ya check engine inawaka. Na wale wanaopulizia dizeli au mafuta ya taa ili ing'ae usiwakubalie kabisa, mipira inavimba na pale kuna vitu vya moto. Chukua brashi laini na kitambaa chenye unyevu, futa injini ikiwa imepoa, inatosha.

Ukiwa umefungua boneti cheki betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye terminal, vaa glovu, fungua negative kwanza, yeyusha bekin soda kwenye maji, sugua na mswaki wa zamani, suuza kidogo, kausha, paka grisi, ukifunga negative iwe ya mwisho. Kama betri yako ni ya kuongeza maji, weka maji ya betri tu. Sio ya kisima, na soma chupa vizuri maana madukani asidi inauzwa rafu hiyo hiyo. Ea klina itoe uikung'ute kama unapita barabara za vumbi, ikiwa imeshakuwa nyeusi badilisha. Oil pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa sehemu ya tambarare. Upepo pima tairi zikiwa za baridi, kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kina namba zake, zimeandikwa kwa kPa, ukiona 220 ujue ni kama 32 kwenye geji zetu. Na ile dawa ya kung'arisha dashibodi usipulizie kwenye pedeli wala usukani, mguu unateleza kwenye breki.

Baada ya kuweka kulanti mpya, wiki mbili za mwanzo angalia kiwango chake kwenye lile kopo la pembeni kila asubuhi. Kikishuka na huoni tone chini ya gari, au ukifungua mfuniko wa oil ukakuta povu la rangi ya maziwa, au ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikiwa ya moto, usiendelee kuongeza maji na kuendesha. Zima, ita fundi acheki hedi gasketi, ile iliyo kati ya silinda hedi na blok, hapo hapo gari ilipo.