Kabla hamjagawa vocha za ada, wahesabuni wanaobaki

Usipige kura ya ndiyo kwa vocha za ada Jumamosi. Nimeusoma uzi wako hapa jukwaani mara mbili, nikatoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi kuusoma mara ya tatu, kwa sababu kila ulichoandika kuhusu kijiji chenu huko Manyoni tulikifanya sisi mwishoni mwa mwaka 2022, tena kwa makofi. Umesema kijiji kina akiba ya pango la mnara wa simu na ushuru wa kokoto, na kwamba kuna mtu amependekeza zigawiwe kwa wazazi kama vocha za ada ili watoto wahamie shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Umeuliza kama jambo hilo lazima lipite mkutano mkuu wa kijiji, kama watoto wachaguliwe kwa ufaulu au kwa umaskini, shule ipi iliyo nzuri, na shule yenu ya serikali itaathirika vipi. Nitajibu hilo la mwisho tu, maana ndilo lililonitoa jasho.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Huduma za Jamii katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka Jiji la Dodoma, na sahihi ya tatu kwenye muhtasari wa kikao kile ni yangu. Tulikuwa na shilingi 18,000,000. Tuliamua kutoa vocha 30, kila moja ya shilingi 600,000. Wazee walipolisikia neno vocha waliuliza kama inakwanguliwa, na mzee mmoja akakumbushia vocha za pembejeo zilizoanza mwaka 2008 na mawakala waliozigeuza kuwa mradi wa kujengea nyumba zao. Tulicheka. Nadhani yule mzee ndiye mtu pekee aliyetoa hoja ya maana siku ile, nasi tukaiandika kwenye muhtasari chini ya mengineyo.

Kosa letu halikuwa kuwapenda watoto 30. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyesimama kuuliza nini kitatokea kwa wale zaidi ya 600 ambao hawakuwa kwenye orodha. Tulihesabu wanaoondoka, kwa majina na kwa picha ndogo za pasipoti, tukawasahau wanaobaki.

Tazama hesabu yenyewe. Kati ya wale 30, watoto 11 walikuwa tayari wanasoma shule binafsi na wazazi wao walikuwa wanalipa bila kulalamika. Kwa hiyo shilingi 6,600,000 za umma hazikumhamisha mtoto hata mmoja, bali zilihamia kwenye mifuko ya watu wenye nafuu, na kabla hujaniuliza, naam, binti yangu alikuwa mmoja wa hao 11. Msinirushie mawe, maana mawe ya kijiji chetu tulikwisha kuyauza kama kokoto.

Wale wengine 19 ndio walioondoka kweli katika shule ya serikali. Mtu angedhani shule ilipumua. Haikupumua, kwa sababu hawakuondoka darasa moja. Waliondoka watatu hapa, wanne pale. Darasa la nne lilikuwa na watoto 94 katika chumba kimoja na mwalimu mmoja, ilhali kiwango tunachohubiriwa kila siku ni 45. Wakaondoka wanne, wakabaki 90, na mwalimu yuleyule, na ubao uleule. Gharama ya kuendesha darasa haikupungua hata kwa kipande cha chaki. Kilichopungua ni ruzuku ya uendeshaji, kwa kuwa tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 fedha hiyo inafuata idadi ya wanafunzi: shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikishughulikia vitabu. Watoto 19 ni shilingi 190,000. Utasema ni kidogo, nami nilisema hivyohivyo, mpaka mwalimu mkuu aliponionesha kwamba ile sehemu ya shule, shilingi 114,000, ndiyo iliyokuwa ikinunua karatasi za mitihani ya darasa la saba.

Lakini hata hiyo si kubwa. Kubwa ni boma.

Tulikuwa na boma la vyumba viwili vya madarasa lililofikia usawa wa lenta, yaani kuta zimepita milango na madirisha lakini bado halina paa. Kila kaya ilikuwa imetoa tofali 50 za kuchoma, na akina mama walikuwa wamechota maji ya kujengea kisimani kiangazi kizima, nawe unaijua Dodoma, ndoo moja ya maji mwezi wa tisa ina bei yake. Ukuta ulijengwa kwa udongo kwa sababu saruji ilitushinda, na fundi alikuwa ametuambia waziwazi kwamba ukuta wa namna hiyo haungojei. Ama tuupaue kabla ya mvua, ama tuuage. Makadirio yake ya kupaua vyumba vyote viwili na kumimina sakafu yalikuwa ndani ya zile 18,000,000 tulizokuwa nazo, na chenji ingebaki. Sisi tukaziita fedha za boma fedha zilizolala, tukaziamsha, tukazipeleka kwenye ada.

Msimu wa kwanza boma lilisimama kwa huruma ya Mungu, kwa kuwa mvua zilikuwa chache. Msimu uliofuata ni ule wa El Nino wa 2023/2024. Jumatatu moja ya Januari mwalimu mkuu alinipigia simu kabla ya saa moja, hakusalimia, akasema tu, "Njoo uone." Nilikuta ukuta wa upande wa magharibi umelala wote, udongo umeoshwa kati ya tofali hata zikaonekana kama meno yaliyooza ufizi, na maji mekundu yanapita kwenye kile ambacho kingekuwa mlango wa darasa la nne. Watoto walikuwa wanarukaruka juu ya lundo. Mwalimu mkuu hakunilaumu, akaniuliza tu kama zile tofali zilizobaki nzima zitunzwe wapi. Sikuwa na jibu. Baada ya wiki chache nilianza kuziona kwenye mabanda ya kuku mtaani, na sikuwa na uso wa kumuuliza mtu yeyote amezitoa wapi.

Sasa nimseme aliyetuponza. Alikuwa kijana wa kijijini kwetu aliyesoma akafika mbali, akaja likizo na projekta, akatuonesha michoro kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Alituambia kwamba Marekani fedha za serikali humfuata mtoto popote aendapo, na kwamba shule za umma zikiona watoto wanaondoka hushtuka na kuboreka. Alitaja Milwaukee, walikoanza mwaka 1990. Hakusema kwamba mpango ule ulianza kwa kuwalenga watoto wa familia za kipato cha chini peke yao. Alitaja Arizona, iliyofungua mlango kwa kila mtoto mwaka 2022; hakusema kwamba takribani robo tatu ya waombaji wa mwanzo hawakuwa na rekodi ya kusoma shule za umma za jimbo hilo. Yaani ni wale 11 wetu, isipokuwa kwa maelfu. Chile hakuitaja kabisa, nayo ndiyo iliyoanza vocha kwa nchi nzima mwaka 1981, wanafunzi wake wakajaa barabarani mwaka 2006 na tena mwaka 2011, na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuzizuia shule zinazopokea fedha za umma zisichague watoto, zisitoze wazazi ada ya nyongeza na zisiendeshwe kwa faida. Wala hakutaja majirani zetu Uganda, ambao mwaka 2007 walianza kuzilipa shule binafsi za sekondari kwa kila mwanafunzi, na baadaye serikali yao ikaamua kuuondoa utaratibu huo hatua kwa hatua. Mambo haya niliyasoma mwenyewe usiku, boma likiwa limekwisha kuanguka. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe tulilishona sisi.

Hoja yake ya ushindani bado inanichoma. Mwalimu mkuu wa shule ya serikali hamwajiri mwalimu, hamfukuzi, hapangi ikama, yaani idadi ya walimu wake, wala haruhusiwi kutoza ada. Mtoto akiondoka yeye anapungukiwa ruzuku, na mtoto akirudi katikati ya mwaka analazimika kumpokea. Mtu wa namna hiyo atashindana kwa silaha gani? Kwa kupiga kengele mapema zaidi?

Na waliondoka na wazazi wao. Hili hakuna mchoro unaolionesha. Wajumbe watano wa kamati ya shule walikuwa wazazi wa wale 19, akiwemo seremala aliyekuwa akitengeneza madawati bure kila likizo, na mama aliyekuwa akisimamia mchango wa mahindi na maharage. Yule mama alipohamisha mtoto wake, debe zilianza kuchelewa, halafu zikakoma. Kuna wiki mbili nzima ambazo watoto hawakupata hata uji. Sijui kama unalijua darasa la watoto 90 wenye njaa saa sita mchana. Lina ukimya wa ajabu. Simlaumu yule mama, maana ningekuwa na mtoto katika chumba kile na mtu akanipa shilingi 600,000, ningeondoka usiku uleule. Nailaumu kamati, ambayo mwenyekiti wake unamsoma hapa.

Vocha yenyewe haikutosha. Ada ilikuwa 1,150,000, mzazi ajazie 550,000, bado sare, basi na michango ambayo haina mwisho. Mwaka uliofuata ada ikapanda hadi 1,400,000, na sisi ushuru wa kokoto ulikuwa umeshuka, kwa hiyo vocha zikapungua. Kufikia Januari ile ya ukuta, watoto 12 kati ya 19 walikuwa wamerudi, na unaweza kubashiri ni watoto wa akina nani. Mmoja ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alirudi darasa la tano akiyajua majina ya Kiingereza ya sehemu zote za ua, lakini hajui chavua ni nini. Taarifa zake kwenye PREM, mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wanafunzi, zilichelewa kuhamishwa, kwa hiyo kwa miezi kadhaa alikaa darasani kama mgeni wa harusi asiye na kadi, anaonekana na kila mtu lakini hamo kwenye hesabu ya ruzuku.

Basi, mleta uzi, jambo ninalokuomba ni moja tu. Kabla ya kuandika jina la mtoto mmoja anayeondoka, andikeni kwanza hesabu ya wanaobaki. Ijumaa nunua daftari kubwa, uende shuleni saa mbili asubuhi ukiwa na mwalimu mkuu na fundi. Pita darasa kwa darasa. Andika ni watoto wangapi watabaki katika kila chumba baada ya vocha, ni mzazi gani wa kamati ataondoka, nani anayebeba mchango wa chakula, na kama mna boma, fundi alipime na atamke mbele yenu litasimama mpaka mwezi gani. Kisha uulize ni wangapi kwenye orodha ya vocha wanasoma shule binafsi hata sasa, na uyasome majina hayo kwa sauti mkutanoni, hata kama la mwanao limo. Ukifika darasa la nne usiwahesabu ukiwa mlangoni kama nilivyofanya mimi. Ingia ndani mpaka nyuma, maana wengine watakuwa wamekaa sakafuni chini ya dirisha, na kutoka mlangoni hawaonekani.