Maswali ya Wasomaji: Kodi ya Utalii na Ari ya Wasambazaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Arusha, na tasnifu yangu inahusu mchango wa utalii katika mapato ya kodi Tanzania Bara. Nimekusanya idadi ya watalii na makusanyo ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ya miaka 10, nikaona vinapanda pamoja. Msimamizi wangu anasema huo bado si utafiti. Nimekosea wapi?

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi, ingawa kazi uliyokwisha kuifanya haijapotea. Makusanyo ya kodi yanaweza kupanda hata mwaka ambao watalii hawakuongezeka, kwa kuwa bei za bidhaa hupanda na biashara nyingine nazo hukua.

Kuna kasoro nyingine inayowapita wengi, nami ningependa uitazame kwanza. Idadi ya watalii hutangazwa kwa mwaka wa kalenda, ilhali mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Mwaka 2019 waliingia watalii 1,527,230. Mwaka 2020, safari za ndege ziliposimama kwa sababu ya UVIKO-19, wakashuka hadi 620,867. Ukilinganisha anguko hilo na makusanyo ya 2019/20 utapotoka, kwa sababu mwaka huo wa fedha ulikwisha kuvuna msimu wote wa Julai hadi Oktoba 2019, na msimu ulioharibika umo katika hesabu za 2020/21. Tumia takwimu za robo mwaka, au za mwezi ukizipata.

Kisha amua unazungumzia kodi ipi. Mgeni mmoja huacha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18, tozo ya maendeleo ya utalii kwa kila usiku anaolala, na ada ya kuingia hifadhini. Nyuma yake iko kodi ya mapato ya kampuni iliyompokea na ya mishahara ya madereva na wapishi. Ada za hifadhi zina mitego miwili. Kwa wageni wa nje hupangwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka, mapato kwa shilingi hupanda bila mtalii hata mmoja kuongezeka. Tena, tangu Julai 2020 ukusanyaji wake ulihamishiwa TRA, na asiyezitenga ada hizo atahesabu mabadiliko ya mkusanyaji kuwa ni ukuaji wa utalii.

Nakushauri uipunguze mada. Julai 2016 kodi ya ongezeko la thamani iliwekwa kwenye huduma za utalii zilizokuwa zimesamehewa, zikiwemo kuongoza watalii na kuwasafirisha. Kampuni zilizokuwa zimekwisha kuuza safari za msimu ule kwa bei ya makubaliano zilijikuta na kodi ambayo haikuwa ndani ya bei hiyo. Je, aliilipa mgeni, au ilikatwa katika faida ya kampuni? Majibu yamo katika ankara na mikataba ya ofisi zilizo mtaani kwako, na mtafiti aliye mbali hawezi kuyafikia kama wewe.

SWALI: Ni meneja wa mauzo wa kampuni ya sabuni Mwanza. Nataka kuchunguza kwa nini wasambazaji wetu hupoteza ari kila bonasi ya robo mwaka ikishalipwa. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kuwa na shaka na neno "ari". Nadharia nyingi za motisha zilitokana na watu walioajiriwa. Ile maarufu ya mwanasaikolojia Frederick Herzberg ya mwaka 1959 ilijengwa juu ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani. Msambazaji wako si mwajiriwa: ameweka mtaji wake, analipia stoo, na anakopesha maduka.

Inawezekana sana kwamba anayafanya haya kwa hesabu nzuri tu: mwisho wa robo mwaka hununua mzigo mkubwa ili afikie kiwango cha bonasi, kisha hutumia wiki zinazofuata kuumaliza. Vitabu vyenu vitaonyesha mauzo yameanguka, ilhali sabuni inatoka madukani kama kawaida. Kwa hiyo pima kinachotoka stoo kwake kila wiki, si oda anazowaletea ninyi peke yake. Waulize pia kuhusu faida ya kila katoni, muda wa mkopo, mzigo ulioharibika kurudishwa, na kama kuna mwingine mnayemruhusu kuuza katika eneo lake, maana mara nyingi hilo la mwisho ndilo linalomuumiza kuliko kamisheni ndogo. Dodoso usilipeleke wewe mwenyewe. Mtu anayetegemea saini yako kupata mzigo wa mkopo atakujibu lile analodhani unataka kulisikia. Mtume mtu asiye wa kampuni, na majina yasiandikwe.